Kiti cha Katikati

Saa kumi na moja na nusu jioni, Sogea alitoka nyumba ya wageni kwenda kuchukua viatu vyake kwa fundi.

Jina lake halisi lilikuwa limelala kwenye kitambulisho, halina kazi. Miji yote aliyopita walimwita Sogea, kwa sababu ndilo neno walilolisikia kwake mara nyingi kuliko salamu. Sogea kushoto, baba. Sogea kidogo, dada, usimfiche mwenzio. Sogea mbele, mzee, kamera haing'ati. Mtu wa miaka hamsini na miwili, kitambi kinachofika mlangoni kabla yake, begi la kahawia begani, na mdomo ambao mkewe alisema ungefaa kuwekewa swichi.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka. Alipiga picha watu wa kila siku: vinyozi, wachomeleaji, akina mama wanaopanga nyanya mafungu mafungu, mahafali ya chekechea, uzinduzi wa kisima ambacho maji yake yaligoma kutoka mbele ya mgeni rasmi. Mji huu alikuja kwa ajili ya shindano la kuvuta kamba kati ya wauza samaki na wauza mkaa. Wauza mkaa walishinda. Sogea, akirudi kinyumenyume kutafuta mahali pazuri pa kupigia, aliketi ndani ya beseni la samaki mbele ya halaiki, akacheka kuliko wote.

Kesho alfajiri alikuwa na basi la kurudi nyumbani. Jumamosi, keshokutwa, binti yake wa pekee anaolewa.

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Miaka ishirini na sita ya ndoa, albamu nne nene, na yeye hayumo. Siku zote yuko nyuma ya kamera. Mwezi uliopita binti alizifungua zote nne mezani, ukurasa kwa ukurasa, kisha akazifunga.

"Baba," akasema, "wanangu wakiniuliza babu yao alikuwa nani, niwaonyeshe nini? Kivuli chako kwenye majani?"

Maana kivuli kilikuwamo, katika picha moja tu, tena kimekatwa kichwa. Sogea alitaka kutania, akaacha. Akaahidi. Siku ya harusi kamera itashikwa na mwingine. Yeye atakaa katikati ya watu wake apigwe picha kama binadamu.

Viatu vilikuwa vya siku hiyo.

"Nimekutilia soli ya kufa mtu," alisema fundi viatu, akivipangusa chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. "Ukicheza muziki navyo, sakafu ndiyo itakayoisha."

"Mimi nikicheza, watu huita daktari."

"Basi kaa tu. Baba wa bibi harusi kazi yake ni kukaa na kujifuta machozi."

Walikuwa bado wanacheka sauti ilipotoka nyuma yao.

"Kaka. Wewe ndiye unayepiga picha?"

Mwanamke wa miaka arobaini hivi, gauni limenyooshwa mpaka mikunjo yake ingekata mkate. Alinukia pasi. Ile harufu ya nguo ikiwa bado na moto.

"Mama yetu ni mtu mzima, hatoki," alisema. "Anataka picha moja na watoto wake. Nyumba ni hapo tu, nyuma ya ghala la unga. Jua halijaisha."

Sogea akatazama juu. Ilikuwa ile saa aliyoipenda, mwanga umelegea, unasamehe kila kunyanzi. Mtu mzima asiyetoka nje, watoto wake, mwanga kama huu… angekataaje?

"Dakika kumi, dada. Tangulia, nakufuata."

Alipoinama kuchukua viatu, aliona brashi ya fundi imesimama hewani.

"Kaka mkubwa," fundi alisema chini chini. "Pale kazi yako ifanye ukiwa umesimama."

"Kwani nimewahi kupiga picha nimelala?"

Fundi hakucheka.

"Yule wa mwisho naye alikuwa na utani kama wako," akasema, akainamia kiatu cha mtu mwingine.

*

Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Ukumbi mrefu wa kuingilia, giza giza, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Harufu ya pasi ilijaa humo, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine… kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa.

Sebuleni walikuwa wamekwisha kukaa. Viti vitano mstari mmoja, vimeelekea dirisha kubwa. Baba mdogo, kama dada alivyomtambulisha, mzee mkavu mwenye fimbo. Dada mwingine, pacha kabisa wa yule wa kwanza. Kiti kitupu. Kisha mama, mdogo kama mtoto wa shule, nywele nyeupe, mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Dada aliyemleta akaenda kujaza kiti cha mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nimeitwa sasa hivi, mama."

"Ndiyo," mama akasema kwa upole. "Umechelewa."

Sogea alifungua stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, akaiweka pale jicho lake lilipomwambia. Miguu ikaingia mahali pake taratibu. Akatazama chini. Sakafuni palikuwa na vishimo vitatu vidogo vilivyolika kwenye saruji, kila kimoja chini ya mguu wake, kana kwamba stendi nyingi zilikwisha kusimama pale pale.

Akajiambia kwamba wapiga picha wote wana macho yanayofanana. Akaendelea.

"Huyu wa katikati yuko wapi? Picha yenye pengo ni kama bwana harusi asiye na meno ya mbele."

Baba mdogo aliinamisha macho kwenye fimbo yake.

"Ni kaka yetu," alisema dada. "Yuko chumbani. Hataki tena picha. Kiache kiti chake hivyo hivyo."

Huko ukumbini, nyuma ya mlango mmoja, kitanda kililia. Kisha hatua. Mbili, tatu. Kisha pumzi… ya mtu aliyesimama karibu sana na mlango.

Sogea akapiga. Moja, safi. Kazi ilikuwa imekwisha. Angefunga begi, angeaga, angelala mapema. Lakini pengo lile lilimwasha. Miaka thelathini alikuwa akiwaambia watu wasogee ili mapengo yazibwe, na sasa aondoke ameliacha moja katikati kabisa ya picha? Tena alikuwa na lake moyoni. Keshokutwa na yeye angekaa kwenye kiti kama kile.

"Mama, nina ombi la kijinga," alisema. "Jumamosi binti yangu anaolewa, na mimi sijui kupigwa picha. Nikikaa mbele ya kamera ninakuwa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nipige nyingine ya akiba, nikae hapo mara moja, nijizoeze?"

Dada aliyemleta akamtazama mama.

Nyuma ya mlango, pumzi ilikatika.

"Ukipenda mwenyewe," mama akasema.

"Napenda."

"Sema yote, mwanangu."

Sogea akatabasamu. Wazee na mambo yao. "Napenda mwenyewe, mama."

Kamera yake ilikuwa na kile kitufe cha kuhesabu: ukikibonyeza, inalia kwa sekunde kumi, halafu inajipiga yenyewe. Akakibonyeza.

Pi.

Akakimbia, kitambi mbele, akapita stendi.

Pi.

Akajibwaga kitini.

Kiti kilikuwa na joto.

Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Lakini alikuwa amekitazama muda wote, na hakuna aliyekikalia.

Pi… pi…

Mkono mkubwa ukaufunika wa kwake. Mzito, mkavu, umezoea. Hivyo ndivyo mama anavyoushika mkono wa mtoto wanapovuka barabara.

"Usitikisike," mama alinong'ona. "Mara hii usitikisike."

Pi pi pi pi.

Mwanga.

Na hapo hapo mlango wa ukumbini ukafunguka. Miguu mitupu ikakimbia juu ya saruji. Haikutembea. Ilikimbia… kama miguu ya mtu anayeogopa kuitwa arudi. Mlango wa nje ukapiga ukuta, kikombe kikalia kabatini.

"Nani huyo?" Sogea aliuliza.

"Ametoka," alisema dada. Alikuwa akilia bila kukunja uso. "Alikuwa mwema. Alikuwa akinisaidia kuchota maji."

Mama hakugeuka. Bado alikuwa ameushika mkono wa Sogea, akiupapasa vidole kimoja kimoja.

"Utakula sasa au baadaye?" akamwuliza.

*

Hakukumbuka alivyofunga begi. Alikumbuka ukumbi tu, kwa sababu sasa mtu alikuwa amewasha taa, na ukuta alioupita gizani ulikuwa na picha.

Fremu saba, mstari mmoja. Katika zote, viti vitano. Katika zote, baba mdogo na fimbo yake, madada wawili, mama. Magauni yale yale. Sura zile zile, hazikuzeeka hata siku moja. Aliyebadilika alikuwa wa katikati. Wanaume saba tofauti, kila mmoja na fremu yake.

Tena saba hao aliwajua. Hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa mkao. Shati limepanda upande mmoja. Goti moja bado halijatulia. Mdomo nusu wazi, unatafuta pumzi. Bega moja limeshuka kuliko jingine, bega la mtu aliyebeba begi lenye kamera maisha yake yote.

Ulikuwa mkao wa mtu aliyebonyeza kitufe, akakimbia kukaa.

Wa saba alikuwa mwembamba, masikio makubwa, jicho la kushoto limefumba nusu kwa mazoea ya kuchungulia kwa la kulia. Pembeni yake palikuwa na msumari mpya, mtupu.

Sogea alitoka mbio. Hakusimama mpaka kwenye kibaraza cha fundi. Fundi alikuwa ameondoka. Mwanga wa mwisho ulikuwa umebaki juu ya mabati ya ghala la unga. Akatoa simu, akampigia binti yake. Alitaka tu kumsikia akimcheka.

"Haloo?"

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani mwenzangu?"

"Acha masihara leo. Ni baba."

Nyuma yake kulikuwa na vyombo, redio, mkewe akimfokea mtu kuhusu viti vya kukodi. Nyumbani kabisa.

"Baba wa nani?"

"Wako."

"Kaka, umekosea namba," binti alisema, kwa adabu ile ile aliyomfundisha yeye. "Baba yangu huyu hapa. Ameingia sasa hivi, hata begi hajaweka chini."

Kutoka mji ule mpaka nyumbani ni safari ya mchana kutwa kwa basi.

"Nani huyo?" iliuliza sauti ya mwanamume, inahema, kama ya mtu aliyekimbia.

"Mtu kakosea namba, baba."

"Mpe pole," sauti ikasema taratibu. "Mpe pole sana."

*

Ndani ya basi alipekua simu yote. Alikuwa na picha elfu tatu na zaidi za mkewe na binti yake. Binti na jino la kwanza kung'oka. Binti na baiskeli. Mke amelala mdomo wazi, picha iliyomgharimu chakula cha siku mbili. Akazipitia moja moja mpaka macho yakamwuma. Hakupata hata moja ya kumwonyesha mtu na kusema: aliyekuwa akiwapiga hawa ni mimi, nitazameni, ni huyu.

Basi lilifika usiku, akalala kwenye benchi la kituo, na Jumamosi saa sita mchana alisimama kwenye geti lake. Hema limefungwa uani, maua ya karatasi, watoto wa majirani wanakimbizana. Aliyemfungulia alikuwa mkewe, kilemba kipya, pini tatu mdomoni.

"Wewe ndiye mpiga picha?" aliuliza, akizitoa pini. "Karibu, mjomba. Mume wangu alisema utakuja na begi la kahawia. Leo mwenyewe kamera haigusi, amekula kiapo." Akacheka. Kicheko kile Sogea alikijua tangu kichwa chake kilipokuwa bado na nywele.

"Mke wangu," Sogea alisema.

Kicheko kikaisha. Akamtazama kama watu wanavyomtazama mlevi wa adabu, kwa huruma, akirudi hatua moja.

"Umetoka mbali," akasema. "Kanywe maji kwanza, halafu utupige."

Walikuwa wamejipanga chini ya hema. Wakwe, bwana harusi anayetoka jasho, na katikati, kwenye kiti kikubwa, mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa. Suti ilikuwa ya Sogea. Kwa nyuma ilikuwa imebanwa na pini ili imkae. Jicho la kushoto limefumba nusu. Binti yake, mweupe pe ndani ya shela, alikuwa amemlalia begani.

"Leo huponyoki, baba," alikuwa akimwambia. "Leo nimekushika."

Sogea alifungua mdomo apige kelele. Huyu si yeye. Mtazameni vizuri, huyu nimemwona amening'inia ukutani. Lakini jicho lake lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kamera, na humo ndani alimwona binti kwa karibu, kope, kidoti cha shavuni, na uso ule. Miaka yote aliyokuwa akimpiga picha, uso ule hakuwahi kuupata. Daima ulikuwa na kitu kinachosubiri, kinachotazama nyuma ya kamera kumtafuta mtu. Leo haukumtafuta mtu. Alikuwa amepata wote aliowataka, mstari mmoja.

Angepiga kelele, wangemtoa kwa mabega. Na binti angeikumbuka siku hiyo kwa kichaa aliyekuja na kamera.

"Sogea kidogo, bibi harusi," alisema, sauti yake haikumfikia mwenyewe. "Mwegemee baba."

Akapiga.

Watu walipotawanyika kwenye sahani, yule mwanamume alikuja kutazama kioo cha kamera, kama wafanyavyo wote waliopigwa picha. Walisimama bega kwa bega. Kwa mbali ungedhani ndugu.

"Nami nilipokwisha kukalia kiti kile nilikwenda kwangu kwanza," alinong'ona, bila kuondoa macho kwenye picha. "Niliwapiga picha, wanangu wawili na mama yao, na mtu mwingine katikati. Kisha nikarudi kule. Utaona. Hutakuwa na pengine pa kwenda."

"Nirudishie," Sogea alisema. "Ni mtoto wangu."

"Na wale walikuwa wangu." Jicho lile zima lilikuwa na machozi. "Nitamtunza. Nitakaa kwenye kila picha, nakuapia. Sitamkimbia hata moja."

Binti akaita kutoka mezani, baba, njoo, chakula kinapoa. Vichwa vyao vyote viwili viligeuka. Mmoja akaitikia.

Kabla hajaenda, mwanamume akamwinamia Sogea sikioni. Alinukia pasi bado, kwa mbali.

"Mama hajambo?" aliuliza.

Sogea alikusanya mate amtukane. Tusi lilikuwa tayari, la nguoni, la kumwamsha aliyelala.

"Hajambo," mdomo wake ukajibu. "Ni kifua tu, asubuhi asubuhi. Tukimpa maji ya moto kinatulia."

Katika nyumba ya mama yule, Sogea hakuwahi kuamka hata asubuhi moja.